Kabureta Ifunguliwe Mwisho
Mama Fundi wa Ngamiani, Tanga, anajibu maswali yenu kuhusu injini za Toyota 3K, 4K na 5K

Toleo hili nimelitenga kwa injini za K peke yake, kwa sababu barua za karibuni zimejaa Corolla za zamani na Lite Ace. Karibu kila barua ina sentensi ileile: "Fundi ameangalia, amesema kabureta imekwisha, ninunue nyingine." Sentensi hiyo inaniudhi, kwa kuwa inawatoa watu pesa bila sababu. Injini ya kabureta inataka kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), inataka moto wa plagi kwa wakati wake, halafu ndiyo inataka mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli. Kabureta ni ya mwisho katika mstari huo. Mtu anayeikimbilia na bisibisi kabla hajapima tapeti (nafasi za valvu) wala kufungua distribyuta (kigawa moto wa plagi) atahangaika mchana kutwa, na jioni gari litaondoka na ugonjwa wake na skrubu zilizovurugwa juu yake. Wengi wa wanaoniletea "kabureta mbovu" wanarudi nyumbani na kabureta yao ileile. Someni majibu yote hata kama swali si lenu, maana nimeepuka kurudia.

*Shikamoo mama. Marehemu babu ameniachia Corolla KE70 ambayo imelala uani muda mrefu. Nataka kuiamsha mwenyewe. Naomba vipimo vyake, na unijulishe kama naweza kuiwekea injini ya 5K. Kijana wa Muheza.*

Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu babu, amekuachia gari la kujifunzia ufundi.

KE70 ilianza kutoka mwaka 1979. Anza kwa kusoma namba iliyogongwa kwenye bloku, usitegemee kadi, maana injini hizi zimebadilishwa sana. Familia ya K ilianza mwaka 1966 na Corolla ya kwanza kabisa, na kwa miaka mingi umbile lake halikubadilika sana: bloku la chuma cha kalibu, silinda hedi ya alumini, kamshafti ipo chini ubavuni na inasukuma valvu kwa vijiti na roka, krenkshafti inakaa kwenye beringi kuu 5, na taiming ni ya cheni, hakuna mkanda wa kukatika njiani. 3K ina sentimita za ujazo 1,166, silinda ina kipenyo cha milimita 75 na pistoni inatembea milimita 66. 4K ina kipenyo hichohicho, ila pistoni inatembea milimita 73, ndipo inafika 1,290. 5K imebaki na mwendo wa 73, silinda ikapanuliwa hadi 80.5, jumla 1,486. Kwa hiyo jibu la swali lako la pili ni ndiyo: 5K inakaa palepale pa 4K na gia boksi ileile inaikubali. Lakini usifikirie hilo sasa. Amsha kwanza uliyonayo.

Petroli iliyolala kwenye tangi imegeuka kuwa gundi. Imwage yote, na mipira ya mafuta itoe yote uweke mipya, usijaribu kuikoa. Toa plagi, tia kijiko cha oili safi katika kila silinda, acha ilale hadi kesho yake, kisha zungusha krenki kwa mkono ukitumia spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka bila kukwama, shukuru. Ikigoma, usiipige stata kwa hasira. Tia oili tena usubiri. Oili ya injini ni lita 3 na nusu hivi pamoja na filta.

Sasa vipimo, na nakuomba uvifuate kwa mpangilio huu. Kwanza tapeti. Kwa injini yenye moto, valvu ya kuingizia ni milimita 0.20 na ya ekzosi ni 0.30. Zungusha krenki hadi silinda namba 1 iwe juu kabisa na valvu zake zote mbili zimefunga. Hapo pima valvu zote mbili za silinda 1, ya kuingizia ya silinda 2, na ya ekzosi ya silinda 3. Zungusha krenki mzunguko mmoja kamili, upime zilizobaki: zote mbili za silinda 4, ya ekzosi ya 2 na ya kuingizia ya 3. Fila gegi (kibati cha kupimia nafasi) ipite kwa kubana kidogo, uisikie inasuguliwa, isilegee na isilazimishwe. Hedi ukiifunika ukasikia bado inagonga kidogo, usiogope. Tapeti inayogonga kidogo ni salama kuliko iliyo kimya kwa kubanwa, kwa sababu valvu ya ekzosi isiyofunga vizuri inaungua. Angalizo moja: baadhi ya 4K na 5K za baadaye zina tapeti zinazojirekebisha kwa presha ya oili. Ukikuta roka hazina skrubu na nati ya kurekebishia, hakuna cha kupima, funga kifuniko uendelee.

Pili, pointi za distribyuta. Nafasi yake ni milimita 0.45, ipimwe kisigino cha pointi kikiwa kimekanyaga ncha ya kamu. Nyuso za pointi zikiwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili, badilisha pamoja na kondensa. Plagi weka 0.8. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Tatu, taiming ya moto, yaani wakati plagi inapochoma, na ije baada ya pointi, si kabla, kwa sababu ukigusa pointi taiming inahama. Kwa nyingi ni kati ya digrii 5 na 8 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, lakini kibandiko chini ya boneti kikiwa bado kinasomeka, kifuate hicho. Unapopima, chomoa mpira wa vakyumu wa distribyuta uuzibe.

Ukimaliza hayo matatu ndipo uje kwenye silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, uiweke mizunguko 750 hivi kwa dakika. Utashangaa jinsi kabureta ya babu ilivyopona bila kuguswa.

*Mama, pole na kazi. Nina Lite Ace ya 5K, nabeba nazi na samaki kutoka Pangani kuja Tanga. Likiwa kwenye mwendo ni zuri kabisa, ila nikiachia mafuta tu linazima. Halina silensa. Fundi amepandisha skrubu ya silensa hadi injini inapiga kelele, lakini nikipunguza linazima tena. Ameniambia ninunue kabureta nzima. Mama muuza nazi, Pangani.*

Pole na wewe, dada yangu. Usinunue kitu kwanza. Maelezo yako ni mazuri sana, yanaonyesha ugonjwa ulipo: gari zuri kwenye mwendo, bovu kwenye silensa. Kabureta ya K ina makoo mawili. Koo la kwanza linafanya kazi wakati wote na la pili linafunguka ukikanyaga sana. Lakini silensa ina njia yake nyembamba ya pembeni, tofauti na hizo, na mlangoni mwa njia hiyo kuna kifaa kidogo cha umeme chenye waya, kimefungwa ubavuni mwa kabureta, saizi ya kidole gumba hivi. Ukiwasha swichi kinavuta kisindano ndani na kufungua njia. Ukizima swichi kisindano kinarudi na kuziba, injini isiendelee kuzunguka kwa joto lake.

Inua kiti cha mbele, maana kwenye Lite Ace injini iko chini yake. Washa swichi bila kupiga stata. Chomoa waya wa kifaa hicho, kisha uuguse tena mahali pake. Usikie "tk". Usiposikia, chukua taa ya majaribio upime kama umeme unafika kwenye waya. Umeme haufiki? Tafuta fyuzi au waya uliokatika. Kwenye Lite Ace waya huo unapitia mahali pa joto na ganda lake linakauka na kupasuka. Umeme unafika lakini hakuna mlio? Kifaa kimekufa, kibadilishe hicho tu.

Kuna mafundi wanaokifungua wakakata ncha ya kisindano kwa koleo, wakarudisha. Gari linapata silensa siku hiyohiyo na mteja anafurahi. Siikubali kazi hiyo hata kidogo. Baada ya hapo ukizima swichi injini inaendelea kukohoa na kutikisika, na petroli isiyoungua inashuka kwenye silinda kuosha oili.

Mlio ukiwepo, basi jeti ya silensa (kipande cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli) imeziba. Itolewe, ioshwe kwa dawa ya kabureta, ipulizwe kwa upepo wa kompresa. Isichokonolewe kwa waya! Tundu la jeti limetobolewa kwa kipimo, na waya mmoja wa breki ya baiskeli unatosha kulipanua. Ukitaka kujua kama lilishachokonolewa, liinue kwenye mwanga wa jua: tundu zima ni duara safi lenye ukingo mkali, lililochokonolewa lina mikwaruzo na umbo la yai.

Baada ya hapo mwambie fundi arudishe ile skrubu ya silensa aliyoipandisha. Skrubu ya mchanganyiko aikaze pole kwa vidole hadi iguse, asiibane, kisha aifungue mizunguko 2 hadi 3, na kutoka hapo atafute injini inapozunguka kwa utulivu zaidi. Ukiibana skrubu hiyo kwa nguvu, ncha yake inapata mfereji na haitarekebishika tena.

*Fundi, habari za kazi. Gari langu ni Corolla ya 4K, limetengenezwa Dar na huko lilikuwa safi. Tangu nihamie Lushoto linatoa moshi mweusi na halina nguvu, hasa kupanda kutoka Mombo. Kabureta imeharibika? Mwalimu, Lushoto.*

Nzuri, mwalimu. Kabureta haijaharibika, wewe umehama. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huko presha ya hewa imepungua kama asilimia 15 ukilinganisha na Dar. Kabureta haijui hilo. Jeti yake inatoa petroli karibu kama ilivyotoa pwani, hewa inayoingia ni nyepesi, basi mchanganyiko unakuwa mzito, petroli nyingi kwa hewa kidogo, na masalia yanatoka kama masizi. Hizi gari za kisasa zinazopuliziwa petroli kwa sindano badala ya kabureta zina sensa ya kujirekebisha, yako inategemea mkono wa mtu.

Kabla ya kugusa chochote, toa ea klina (kichujio cha hewa) uitazame. Vumbi jekundu la barabara za Usambara linaziba karatasi yake haraka, na ea klina iliyoziba inafanya moshi uleule. Kisha tazama choki, kile kibati cha kupunguza hewa injini ikiwa baridi, kama inafunguka yote injini ikipata moto. Choki iliyokwama nusu ndiyo sababu ya moshi mweusi ninayoikuta mara nyingi kuliko zote, milimani na pwani.

Hayo yakiwa sawa, punguza mchanganyiko wa silensa kidogo na usogeze taiming mbele digrii 2 hivi, kwa kuwa hewa nyepesi inaungua polepole. Ukisikia injini inagonga unapopanda, rudisha. Kama utaishi huko moja kwa moja, fundi anaweza kukuwekea jeti kuu ndogo kwa hatua moja. Lakini nakuonya: ukiwa na jeti ndogo usishuke pwani ukaenda mwendo mkali. Mchanganyiko mwepesi kwenye hewa nzito ya Tanga unapandisha joto na kuunguza valvu. Kwa anayeshuka kila wiki namshauri abaki na jeti ya kiwandani na avumilie.

Nguvu haitarudi yote, hilo likubali. Kwenye kona za Soni ingia gia ya pili mapema, injini izunguke, usiivute kwa gia ya tatu huku umekanyaga mafuta hadi chini. Ukikanyaga hivyo unafungua koo la pili na kumwaga petroli ambayo hewa ya kuiunguza haipo.

*Mama, mimi ni dereva wa Korogwe. Gari linawaka vizuri asubuhi. Nikisimama stendi robo saa juani, haliwaki hadi nisubiri sana, na nasikia harufu ya petroli. Nimebadilisha betri, koili na pampu.*

Umebadilisha vizima vitatu, baba, na mgonjwa bado yupo. Harufu ya petroli ndiyo shahidi wako. Injini hii ina manifoldi (mabomba) ya kuingizia na ya ekzosi upande mmoja, moja imekaa juu ya nyingine. Ukiwa mwendoni upepo na petroli baridi vinaipoza kabureta. Ukizima, joto la ekzosi linapanda, petroli iliyo kwenye chemba inachemka na kumwagika ndani ya makoo. Injini imelowa, haijakosa mafuta.

Ndiyo maana kiwanda kiliweka kipande kinene cheusi cha bakelaiti (plastiki ngumu) kati ya kabureta na manifoldi, pamoja na bati la kukinga joto. Chungulia. Mara nyingi nakuta bati limetupwa kwa kuwa "linazuia spana", na bakelaiti imepasuka, pamewekwa gasketi ya karatasi peke yake. Rudisha vyote viwili. Kisha tazama kioo kidogo mbele ya chemba ya kabureta. Gari likiwa mahali tambarare na injini ikiwa silensa, petroli isimame kwenye alama ya katikati. Ikiwa juu ya alama, sindano ya boya haifungi au boya limeinuliwa mno, na kiasi hicho cha ziada ndicho kinachochemka. Kifute kioo hicho kwa kitambaa kila ukifanya sevisi. Watu wanaendesha gari hizi bila kujua kwamba kiwanda kiliwapa dirisha la kuona ndani ya kabureta. Angalia pia mpira wa kurudisha mafuta kwenye tangi. Ukiziba, petroli ya moto haina pa kwenda.

Leo ukikwama stendi, usipampu mafuta, unaongeza balaa. Kanyaga pedali hadi chini uishikilie hapo, piga stata. Kipepeo, kibati cha kupitishia hewa ndani ya kabureta, kikiwa wazi, hewa itakausha silinda na itawaka.

*Mimi niko Mombasa, gari yangu ni Corolla DX ya 4K. Nikikanyaga ghafla inasita kama inataka kuzima, halafu inaenda. Shida ni nini?*

Zima injini, toa ea klina, uchungulie koo la kwanza huku mtu anavuta waya wa akselereta kwa mkono. Unapaswa kuona mchirizi mwembamba wa petroli ukirushwa papo hapo, mara moja, wenye nguvu. Usipouona, au ukidondoka matone, ngozi ya pampu ya akselereta imekauka au kigololi chake kimeziba. Vyote vinapatikana kwenye seti ya vipuri vya kukarabati kabureta.

Mchirizi ukiwa mzima, nenda kwenye distribyuta. Chomoa mpira wa vakyumu upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo, uzibe kwa ulimi. Ndani ya distribyuta sahani ya pointi inatakiwa isogee na ibaki imesogea. Ikirudi yenyewe, kiwambo kimetoboka: taiming haisogei mbele, na hewa inaingia kwa wizi. Ugonjwa huu unaongeza ulaji wa mafuta bila kelele yoyote, watu wanaishi nao miaka.

*Oili ya gari langu inaongezeka badala ya kupungua, na inanuka petroli. Ni kawaida? Msomaji, Handeni.*

Si kawaida, na usiliwashe tena gari hilo hadi umalize kusoma hapa. Pampu ya mafuta ya K inaendeshwa na kamshafti na imefungwa ubavuni mwa bloku. Kiwambo chake cha mpira kikipasuka, petroli inashuka moja kwa moja kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Oili inakuwa nyepesi kama maji, beringi zinakufa, na mvuke wa petroli ndani ya sampu unaweza kuwaka. Badilisha pampu, mwaga oili, weka filta mpya. Ukiweka pampu mpya bila kumwaga oili, hujafanya kazi. Kama pampu ni nzima na oili bado inanuka, basi kabureta inafurika na petroli inapita kando ya ringi za pistoni. Rudi kwenye jibu la dereva wa Korogwe kuhusu kioo na boya.

*Shikamoo fundi. Mimi mstaafu. Petroli ya siku hizi haina madini ya risasi, na gari langu ni la zamani. Wauza vipuri wananiambia niweke dawa kulinda valvu. Ni kweli?*

Hapo shikamoo ni yako, mzee wangu. Usinunue dawa hiyo. Petroli yetu imeachana na risasi tangu mwanzoni mwa 2006, baada ya makubaliano ya nchi za Afrika mjini Dakar mwaka 2001, na K zimeendelea kutembea. Hedi ni ya alumini, kwa hiyo valvu hazikalii alumini, zinakalia pete za chuma kigumu zilizopachikwa. Japani kwenyewe petroli ya kawaida isiyo na risasi ilianza kuuzwa mwaka 1975.

Kinachoua valvu na pistoni zetu ni mafuta ya taa yaliyochanganywa na petroli. Tangu EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010, na ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa mwaka 2011, uchakachuaji umepungua sana, lakini madumu ya pembeni ya barabara bado yapo. Dalili zake: gari gumu kuwaka asubuhi, injini inagonga kupanda mlima, na ekzosi ina harufu ya koroboi. Dondosha tone la petroli kwenye karatasi nyeupe safi. Petroli safi inakauka upesi bila kuacha kitu. Yenye mafuta ya taa inaacha doa la ung'avu wa mafuta ambalo halitoki. Fanya hivyo mbali na moto na sigara.

*Je, kuna wakati kabureta inakuwa imekwisha kweli? Na vipuri nitapata wapi? Fundi mwenzako, Hale.*

Upo, mwenzangu, na ni haki tuuseme. Shika mhimili wa kipepeo kwa vidole uutikise juu na chini. Ukicheza, hewa inaingia pembeni na silensa haitatulia hata ubadilishe jeti zote. Ili uwe na uhakika, injini ikiwa silensa, puliza maji ya sabuni kwa chupa kuzunguka ncha za mhimili na kuzunguka gasketi ya chini. Mahali ambapo injini itabadilisha sauti ndipo hewa inapoibwa. Tumia maji, tafadhali, usitumie petroli. Nimeona boneti ikiungua kwa ajili hiyo. Sauti ikibadilika kwenye gasketi, badilisha gasketi. Ikibadilika kwenye mhimili, fundi wa leti (mashine ya kuchonga chuma) anaweza kuweka bushi za shaba, na ni nafuu kuliko kununua. Kabureta iliyopinda uso wa chini kwa kukazwa nati kupita kiasi, au iliyoliwa na maji ndani ya chemba, hiyo mzike.

Kuhusu vipuri, ulizia wauza vipuri vya foklifti. 5K iliendelea kufungwa kwenye foklifti za Toyota muda mrefu baada ya kuondoka kwenye magari ya abiria, kwa hiyo gasketi, pampu ya mafuta, ringi na seti za kukarabati kabureta bado zinaagizwa. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, ukilaze juu ya kipya pale pale kaunta, tundu kwa tundu, kwa kuwa gasketi ya hedi ya 4K na ya 5K hazilingani kipenyo cha silinda hata kama boksi limeandikwa zote mbili.

Kabureta mpya za bei rahisi zinafanana na ya asili kwa nje, ila jeti zake mara nyingi si zilezile. Kila jeti ya shaba imegongwa namba kichwani. Kabla hujaiweka kabureta ya mteja pembeni, fungua jeti zake, soma namba kwa kioo cha kukuzia, uzilinganishe na za kabureta mpya. Zikitofautiana na za zamani hazijachokonolewa, hamishia za zamani kwenye bodi mpya. Mwandikie mteja namba hizo nyuma ya risiti yake, ili atakayelifungua gari hilo baada yako asianze kubahatisha.